Yasini Arobaini na Moja

Kibuli, Kampala
Jumatatu, 4 Machi 1968

Umbu langu Bimkubwa,

Leo ninatimiza miaka thelathini na sita tangu nilipotoka Majoreni. Nimehesabu asubuhi kwa vidole, kisha nikahesabu tena kwa kalamu, na jawabu ni lile lile. Marahaba kwa shikamoo yako. Natumai kikohozi ulichoniandikia kimekwisha. Mimi mzima, wanangu wazima, na mjukuu wangu mdogo ametoka kwenye surua, amekonda lakini anacheza.

Barua yako ya mwezi uliopita ilifika imelowa pembe moja, ila maneno yote yalisomeka. Mwandiko wako ni ule ule wa chuoni, herufi zako za nuni zimejaa kama mabakuli. Niliisoma mara tatu. Ya kwanza nilicheka, ya pili nilifunga mlango, ya tatu nilikwenda kutia udhu.

Kwa hiyo Iddi Mangi amekuposa. Iddi mchoma chokaa, niliyekuwa nikigombana naye utotoni juu ya nani apulize moto wa tanuu. Mkewe amefariki miaka mitano sasa, mumeo yuko kaburini mwaka wa nane, na nyumba zenu zinatazamana. Sina la kuuliza. Unasema kadhi yuko tayari kukuoza kwa kuwa walii wako wa ndoa yuko mbali, nawe umekataa, kwa sababu mwanamke anayeozwa na kadhi ni mwanamke asiye na kwao. Katika watoto wa baba umebakiwa na mmoja, naye ni mimi. Unataka nije, nikae mkekani, niushike mkono wa Iddi na niseme kwa kinywa changu kwamba nimekuoza. Iwe mara tu baada ya Maulidi.

Ningekuitikia leo, lakini kuna jambo. Kiwanda cha kupiga chapa ninakopanga herufi kimepata mwenyewe mpya, naye ametaka wazee wote tupimwe afya kabla ya kuandikiwa mkataba mwingine. Alhamisi nilikwenda hospitali kubwa. Walipima macho, wakachukua mkojo, mwisho wakanipeleka kwenye chumba cha kupimia moyo. Usiogope. Wanapimwa wote, wazima na wagonjwa.

Muuguzi ni binti wa Kisumu, anaitwa Rispah. Kiswahili chake ni cha bara lakini adabu anayo.

"Mzee, toa shati, lala hapa."

"Na kofia?"

"Kofia haina moyo. Baki nayo."

Alinipaka dawa nzito ya baridi kwenye vifundo vya mikono na miguu, akanifunga mikanda ya mpira yenye vibati, na nyaya zikaenda kwenye sanduku. Alipofika mkono wa kulia alisita, akaisugua ile alama yangu kwa kidole.

"Hii ni nini, moto?"

"Ni chokaa isiyozimwa. Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Nimeishika donge, rafiki yangu akaimwagia maji."

"Rafiki gani huyo?"

"Sasa anataka kumwoa umbu langu."

Alicheka, kisha akaniamrisha ninyamaze, maana nikisema mashine itaandika na maneno yangu. Nikalala kimya kama maiti anayengoja sanda. Ukanda wa karatasi ukatoka polepole, mstari unapanda, unashuka, unapanda. Nimesoma herufi kichwa chini miguu juu kwa miaka thelathini, na ile sikuweza kusoma hata nukta.

Daktari mkubwa ndiye msomaji wake, na majibu ni baada ya wiki tatu. Kutoka hapa mpaka kwenu ni treni siku mbili, kisha kivuko cha Likoni, kisha basi na lile vumbi lake. Siwezi kukuahidi kitu mpaka nisikie daktari amesemaje. Nivumilie.

Umbu lako,
Makame


Majoreni
24 Machi 1968

Kaka yangu Makame,

Shikamoo. Kikohozi kimekwisha, nilikunywa asali na limau. Tunashukuru kwa mtoto kupona surua, mbusu kwa niaba yangu, na mwambie huku ana bibi asiyemjua.

Kaka, umeniambia nisiogope, na hapo ndipo nilipoogopa. Huku mtu hapimwi ila anaumwa. Tangu lini mzima akafungwa mikanda mikono na miguu? Nilimsomea Iddi barua yako kizingitini kwangu, yeye amekaa nje na mimi ndani, watu wasipate la kusema. Ulipofika pale pa alama aliniambia, "Mwandikie kwamba aliniita mwoga kwanza. Hilo kamficha muuguzi." Kisha akaniuliza, "Moyo wake umefanya nini?" Nikamwambia sijui, hata yeye hajui.

Mkeka wa mama nimeushusha kutoka darini. Unaukumbuka? Huwezi kuukumbuka, ulikuwa umekwisha kuondoka. Aliusuka mwaka ule ule uliotoka, kwa ukindu aliotia rangi mwenyewe, akaukunja na kusema hautatandikwa mpaka urudi, na wa kwanza kuukalia uwe wewe. Ulimwahidi kurudi baada ya Ramadhani mbili. Aliposafiri safari yake ya mwisho nilidhani tutautandika siku ya hitima, maana simu ya maandishi tulikupigia. Hukupata ruhusa kazini, tukaurudisha darini. Sasa nimeufuta vumbi. Panya walitoboa pembe moja, nimeishona, na aliyenisaidia kutafuta ukindu wa rangi ile ni Iddi.

Wasichana wa kisimani wananiita bi harusi. Mmoja aliniuliza mbele ya wenzake, "Bi Bimkubwa, siku hiyo utapakwa hina au chokaa?" Nikamwambia hina kwa miguu yangu na chokaa kwa mdomo wako.

Tutakungoja. Iddi anasema mchoma chokaa asiyejua kungoja huuza mawe. Niandikie upesi daktari amesemaje.

Mdogo wako,
Bimkubwa


Kibuli, Kampala
12 Aprili 1968

Umbu langu Bimkubwa,

Natumai u mzima. Sisi wazima. Huku mvua zimeanza, na ua wetu umekuwa tope.

Majibu ya moyo bado. Nimeambiwa daktari mkubwa yuko likizo. Nakuomba usiifunge tarehe ya harusi kwa ajili yangu, wala usiifungue. Mambo haya yana wakati wake. Nikipata neno nitakuandikia inshallah.

Nisalimie jirani yako.

Umbu lako,
Makame


Majoreni
20 Juni 1968

Kaka yangu Makame,

Shikamoo. Barua yako ya Aprili ilikuwa fupi kama ya mtu aliyesimama mlangoni. Nimengoja nyingine mwezi, nimengoja wa pili. Posta ya Vanga wamenichoka. Yule karani akiniona kwa mbali ananipungia mkono kuwa hakuna, nisijisumbue kufika.

Maulidi yamepita na sikuolewa. Mwezi wa tano nilimwambia Maalim Dzombo hali yako, kwamba moyo umepimwa na daktari hataki kusema. Maalim alitikisa kichwa, akasema daktari asiyesema ana sababu. Ijumaa iliyofuata baada ya sala aliutangaza ugonjwa wako msikitini, na Jumamosi tulikusomea. Yasini arobaini na moja, kaka. Walikuja watu ambao hawajakuona maishani mwao. Waliokuwa wadogo ulipoondoka walisoma, na wajukuu zao walisoma. Wavuvi watatu walitoka Vanga kwa miguu. Iddi peke yake alisoma saba, na sauti yake si ya kuisifu, lakini hakuruka herufi. Nilichinja kuku wanne na jogoo yule mwekundu aliyekuwa akiniamsha. Sasa naamshwa na wa jirani.

Baada ya hapo Iddi naye aliugua kifua. Vumbi la chokaa la miaka hamsini linadai haki yake. Alilazwa hospitali ya Msambweni siku tisa, nami nilikuwa nikimpelekea uji kwa basi. Siku ya kwanza mlangoni waliniuliza, "Wewe ni nani wake?" Nilisema jirani. Wakaniambia majirani waje Jumapili. Nilikaa kwenye baraza na chupa ya uji mpaka ukapoa, nikaurudisha. Baadaye mpishi mmoja akanionea huruma, akawa ananipitishia uji kwa mlango wa nyuma. Amepona, lakini akipanda kilima anasimama katikati na kujifanya anatazama bahari.

Watu wananiambia, Bimkubwa, mwache kadhi akuoze, mnazeeka. Nimewaambia kaka yangu ni mgonjwa, hajafa. Sitaolewa nikafurahi hali wewe umelala na moyo usiojulikana. Niandikie. Hata kama ni habari mbaya.

Mdogo wako,
Bimkubwa


Kibuli, Kampala
2 Septemba 1968

Umbu langu Bimkubwa,

Salamu na heshima. Namshukuru Mungu kwa kupona kwa Iddi. Barua yako nimekaa nayo wiki nyingi mfukoni, mpaka imekatika kwenye mikunjo. Ile baraza ya Msambweni na chupa ya uji ndiyo iliyonishinda. Ningeweza kustahimili kuku.

Moyo wangu ni mzima. Majibu niliyapata tarehe 26 Machi, kabla sijakuandikia kwamba daktari yuko likizo. Hakuwa likizo. Alikuwa amekaa mbele yangu na ule ukanda mkononi, akasema, "Mzee, moyo huu hauna kasoro. Nenda ukafanye kazi." Rispah alikuwa nyuma yake. Akaniambia, "Sasa mzee hauna sababu." Yeye alikuwa na maana ya kazi. Mimi nilitoka pale nikijua kwamba ni kweli, sina sababu ya kutokuja. Nilikuwa nimeitumainia mashine ile inipe moja.

Watu wa Majoreni wamesoma Yasini arobaini na moja kwa moyo usioumwa, na mimi niliwaacha wasome. Nakutumia kipande cha ukanda wenyewe, niliomba wanipe. Uwaonyeshe, wajue Mungu hakuwakatalia, ila alikwisha kuwapa kabla hawajaomba.

Kuna jambo jingine. Ukishajua la kwanza, bora ulijue na la pili. Mama alipofariki, mwaka wa arobaini na tisa, nilikuandikia kwamba kazini walininyima ruhusa. Hawakuninyima. Nilipata siku kumi na nne. Nilipanda treni, nikavuka Likoni, nikafika kwa basi mpaka Msambweni, na hapo basi likakomea kwa sababu ya mvua. Nikakaa kwenye mgahawa wa kahawa kungoja lori la kuelekea kwetu. Nilikuwa na suti na viatu, na miaka kumi na saba ya bara usoni.

Aliingia mtu mwenye gunia la mchele. Alikuwa Iddi. Nilimtambua kabla hajaketi. Yeye alinitazama kama unavyomtazama abiria yeyote, akaagiza kahawa mbili, moja akanisogezea mimi kama adabu ilivyo kwa mgeni. Nikamwuliza kuna msiba? Akasema, "Bi Mwanafatuma wa Majoreni. Kesho hitima ya siku ya saba, nimefuata mchele." Nikamwuliza kama marehemu ana watoto. Akasema, "Ana binti, na ana mwana bara. Kulikuwa na mkeka wake huyo mwana, mamake amekufa akiutazama darini." Kisha akaniuliza, "Nawe mgeni, unaelekea wapi?"

Nikasema, Likoni.

Nilirudi na basi lile lile nililoshuka. Tangu siku hiyo kila sababu niliyokuandikia, kazi, mafuriko ya reli, mguu, mwisho moyo, ilikuwa ni basi lile.

Sijui utanijibu. Usiponijibu sitakulaumu.

Umbu lako,
Makame


Majoreni
25 Septemba 1968

Kaka yangu Makame,

Shikamoo. Nimeitoa kwa sababu ni wajibu.

Nilipomaliza kusoma barua yako nilitoka nje, nikafagia ua ambao nilikuwa nimeshaufagia. Kisha nilimwita Iddi. Safari hii sikukaa ndani ya kizingiti, nilitoka nikasimama mbele yake. Nikamwambia, "Kumbe kaka yangu alifika Msambweni mwaka wa mama, na wewe ulimnywesha kahawa usimjue. Macho gani hayo uliyo nayo?"

Iddi akatazama chini. Akasema, "Nilimjua."

Nikamwambia arudie. Akarudia. Alipoingia mgahawani hakukujua, wala alipoketi. Ulipounyosha mkono kupokea kikombe ndipo alipoiona alama. "Mkono ule niliuunguza mimi," akasema. "Nitausahau vipi?" Habari za mkeka alizisema makusudi, apate kuona utafanya nini. Na alipokuuliza unaelekea wapi, alikuwa amekwisha kupiga hesabu jinsi atakavyoubeba mzigo wako juu ya gunia. Ukasema Likoni. Alisimama nje mpaka basi likaondoka. Anasema ulikaa upande wa kushoto, ukajifunika gazeti, na gazeti lilikuwa limepinduka.

Nikamwuliza, "Na miaka kumi na tisa hukuniambia?"

Akasema, "Mtu akikuficha jina lake huku anakutazama, amekuomba kitu. Nilimpa."

Kaka, niliwakasirikia nyote wawili siku tatu. Sikumpelekea Iddi chochote, akala mihogo mikavu aliyojipikia mwenyewe. Siku ya nne nilikumbuka kwamba yeye alikuwa amelibeba hilo tangu wakati mume wangu yu hai, na hakulitumia kunifurahisha wala kunihuzunisha, nikampelekea samaki.

Ukanda wa moyo wako umezunguka kijiji kizima. Maalim Dzombo aliugeuza huku na huku, akasema hakika dua imepokelewa, na sikuwa na nguvu ya kumweleza tarehe. Iddi anasema unafanana na meno ya msumeno wake. Nimeuweka ndani ya msahafu wa mama.

Sasa nisikilize. Mimi si mama, sitakufa nikitazama dari. Shaabani inakaribia. Nataka Ramadhani hii mimi na Iddi tufuturu nyumba moja, na nikiulizwa mlangoni mwa hospitali mimi ni nani wake, niwe na jibu. Ukija, mkeka utautandika mwenyewe na hakuna atakayekuuliza neno, nimeshawaonya. Usipokuja, niandikie wazi. Usiniandikie inshallah ya mtu aliyekwisha kuamua. Nimezisoma za kutosha, nazijua hata kwa wino wake.

Mdogo wako,
Bimkubwa


Kibuli, Kampala
14 Oktoba 1968

Umbu langu Bimkubwa,

Marahaba. Niliipokea kama ulivyoitoa, na nimeshukuru. Sisi wazima. Mkataba wangu umeandikwa, mwaka mmoja.

Ndani ya bahasha hii kuna karatasi ya pili. Nimeiandika leo adhuhuri, mbele ya imamu wa hapa na mashahidi wawili, majina yao yapo chini. Inasema kwamba mimi, Makame bin Suleiman, walii wako, nimeridhia kuolewa kwako na Iddi Mangi, kwa hiari yako na kwa mahari mliyokubaliana, na nimemfanya Maalim Dzombo kuwa wakala wangu wa kukuoza. Si kadhi anayekuoza, ni mimi, kwa ulimi wa Maalim. Wakiuliza kwenu ni wapi, waonyeshe sahihi.

Umeniambia niseme wazi. Tangu niondoke umeniandikia vifo vya watu kumi na tisa, na orodha yao ninayo. Kwa barua mtu hafi sawasawa. Unasoma, unasema inna lillahi, unakwenda kazini, na yeye anabaki amekaa pale pale ulipomwacha, mlangoni kwake, na kanzu yake ile ile. Kwangu mimi wote wangali wamekaa. Mama yuko uani anachambua mchele. Siku nitakayoshuka kwenye basi nitawazika wote kwa asubuhi moja. Mwaka wa arobaini na tisa nilikuwa na mmoja tu wa kuzika, na sikuweza. Daktari amesema moyo ni mzima, nami sibishani naye.

Mwambie Iddi kwamba kahawa ile ilikuwa na tangawizi nyingi na niliimaliza. Mwambie kwamba nilimwita mwoga kwanza, ni kweli, na kwamba katika sisi wawili aliyestahili kuitwa hivyo si yeye. Hilo la kunyamaza sijui namna ya kumlipa, basi nimempa alichoomba, na nimempa kwa furaha.

Siku ya nikaha kunjueni mkeka wa mama. Maalim aukalie upande wangu, Iddi aukalie mbele yake, washikane mikono. Ukishatandikwa usirudi tena darini. Uwekeni pale mtakapofuturu, uchakae kama mikeka mingine.

Nyumba ya baba ni yako na yake. Nitakuandikia kila mwezi, na nitaandika yaliyo kweli.

Mimi sitarudi.

Umbu lako,
Makame